Vigae Tisa vya Bi Mwanalima

Bi Mwanalima Gharibu, mwokaji mkuu wa Tanuri la Jumuiya, anastaafu Jumapili, tarehe 31 Machi 1996, baada ya miaka ishirini na mitano ya kazi. Tulipokuwa tukitayarisha karatasi hii, ilipendekezwa tuondoe miezi kumi na minne ya mwaka 1991 na 1992, kwa kuwa wakati ule hatukuwa na tanuri wala unga. Alikataa. "Iandikeni yote," alisema. "Miezi hiyo tanuri nalikuwa nimelibeba." Basi tumeiandika yote, na alichokuwa amekibeba kitaelezwa hapa chini, kwa faida ya wageni. Sisi wengine tumekiona.

Alizaliwa kisiwani Chula, akaolewa Kismayu, na Machi 1971 akaanza kukanda unga katika tanuri la marehemu Sharif Abdulkadiri, nyuma ya soko la samaki. Sharif alikuwa na tabia ya kuwapima wafanyakazi wapya kwa kuwaacha peke yao na moto. Bi Mwanalima aliachwa siku ya pili. Mikate yote iliungua. Sharif aliporudi alimkuta amekaa juu ya gunia, anakula mmoja wa ile iliyoungua, bila haraka. "Ami," alimwambia, "ni mchungu, lakini umeiva." Hakufukuzwa.

Miaka mitatu baadaye Sharif alijenga tanuri jipya la kuni, la nje, kuba la matofali na udongo chini ya banda la mabati, akamtuma yeye dukani kuchagua vigae vya kulivika uso. Alichagua vyeupe. Kila mtu alimwambia kuwa weupe na moshi haviishi pamoja, na kila mtu alisema kweli. Wiki haikwisha, vigae tisa vya juu ya mdomo wa tanuri vilikuwa vyeusi kama sufuria ya kambini. Badala ya kukiri kosa, alianza kuviosha kila Alhamisi kwa majivu na ndimu. Aliviosha hivyo kwa miaka kumi na saba. Wale waliomcheka walifika mahali wakawa wanaelekezana njia kwa vigae hivyo: pita tanuri jeupe, kata kulia.

Kwa watu wa tanuri wa Kismayu, kuvika vigae ndiyo kazi ya mwisho, nayo ina desturi yake. Tanuri likishavikwa, mikate ya kwanza hailiwi na wenye tanuri. Hupelekwa kwa majirani saba, ili wajue kwamba moshi huu umekuja kukaa.

Vita vilipofika Kismayu mwaka 1991, tanuri liliwaka mpaka unga ulipokwisha. Wenye bunduki walikula, na waliokuwa wakiwakimbia wenye bunduki walikula. Siku ya kuondoka watu walifunga magodoro na masanduku. Bi Mwanalima alichukua kisu cha kukatia madonge akavibandua vigae vyote tisa, bila kuvunja hata kimoja, akavifunga kwa matambara ndani ya gunia la unga. Mumewe, Bwana Adnani, alibaki nyuma kulinda nyumba. Hakuja.

Nassor, mpasua kuni wetu, alikuwa katika mashua aliyopanda Bi Mwanalima. Anasema injini iliposhindwa na uzito, nahodha aliamuru vitu vizito vitupwe, na Bi Mwanalima akaitupa cherehani yake mwenyewe kabla ya kuambiwa mara ya pili. Gunia alilikalia. Tangu siku hiyo Nassor hajampumzisha. Nguo ya mtu yeyote ikichanika hapa kazini, yeye husema, "Mpelekeeni Bi Mwanalima, aishone kwa kigae." Bi Mwanalima hakuwahi kumjibu.

Tulipopewa eneo katika kambi hii nje ya Mombasa, mwaka 1992, alijenga tanuri kwa mikono yake, kwa udongo mwekundu na matofali ya kuokota. Alianza na wanawake watatu na sinia moja. Leo tuko kumi na wawili. Aliwafundisha kazi wasichana sita, akiwemo aliyeandika karatasi hii, ambaye alifika na cheti cha shule na mikono isiyojua lolote. Alimwambia cheti akiweke mahali pakavu na mikono aiweke mahali pa moto. Ni yeye pia aliyeweka kanuni kwamba mkate uanzie kwa aliye mwisho wa foleni, kanuni iliyozua ugomvi kwa mwezi mzima na ambayo hakuna tena anayekumbuka kuipinga.

Jambo moja tu lilitushinda. Tanuri hili halina paa. Makuti yamekatazwa karibu na moto tangu mahema mawili yalipoungua, na mabati hatuna. Kuba la udongo lisilovikwa halistahimili masika. Lakini Bi Mwanalima alipoulizwa vile vigae vya kwenye gunia vitawekwa lini, jibu lake lilikuwa lile lile ambalo sote tunalijua kwa moyo: "Mchu hapambi kituo," yaani mtu hapambi mahali anapopumzika njiani tu. Vilikuwa vigae vya tanuri la Kismayu, navyo vingerudi Kismayu. Na kama hivyo haviwekwi, hakutaka viwekwe vingine.

Masika ya 1993 kuba liliyeyuka. Tukajenga. Masika ya 1994 liliyeyuka tena. Tukajenga, mara hii bila kuimba.

Mwaka 1995, Bi Mwanalima akiwa kitandani na kifua chake, fundi wetu Mbaraka aliamua kulinusuru tanuri bila ruhusa. Alipata vigae vya bafuni, vya buluu, vinavyong'aa, akalivika kuba lote kwa siku mbili. Lakini Mbaraka ni mtu wa kisiwa cha Kudhaa, na Kudhaa maji matamu ni ya kinywa; ya kujengea mtu huyateka ufukweni. Mkono wake ulifuata mazoea. Siku ya nne chumvi ilichanua katikati ya vigae kama ukungu kwenye mkate wa zamani, na mvuke uliokosa pa kutokea ukaanza kuvirusha kimoja kimoja kwa kishindo. Foleni nzima ililala chini kifudifudi. Ilichukua muda watu kuamini kwamba ni tanuri. Tulicheka, lakini si siku ile. Mvua ya Mei ikamalizia kazi, na kambi ikakaa siku kumi na tisa bila mkate.

Mwaka huu wahisani wanaotuletea unga walisema wazi: tanuri likianguka tena, unga utagawiwa mbichi kwa vikombe, na hapa patafungwa. Sisi kumi na wawili tungerudi kukaa kwenye milango ya mahema na kutazama vumbi. Wakati huo huo daktari wa zahanati alimwambia Bi Mwanalima kwamba kifua chake hakitaki tena moshi, aache kazi Januari. Alijibu kwamba hawezi kumwachia mtu tanuri litakaloliwa na mvua. Januari ikapita, Ramadhani ikapita, anakohoa na anaoka.

Wiki moja baada ya Idi alifika Hussein, mtoto wa kaka yake, kutoka Kismayu. Alimkuta anakanda. Alimweleza kuwa tanuri la Sharif limebomolewa na matofali yake yamejengewa kizuizi cha barabarani. Bi Mwanalima aliuliza swali moja tu: "Na mdomo wake?"

"Hapana kichu, shangazi. Ni uwanja."

Alimaliza kukanda. Akakata madonge, akayapanga, akayafunika, akanawa mikono. Kesho yake alimwambia Mbaraka watoke wakachague vigae.

Kuchagua kulichukua siku nne, na tuliofuatana naye tulirudi kila jioni na miguu iliyovimba. Katika kila duka alichukua kigae, akakigeuza mgongo na tumbo, akakilamba. Kigae cha udongo mtupu hushika ulimi, kwa sababu kinakunywa, na kinachokunywa kinaweza kupumua. Kilichopakwa rangi ya kung'aa hakishiki, nacho hufungia mvuke ndani, kama tulivyokwisha kujifunza tukiwa chini kifudifudi. Mwenye duka la tatu alimtazama, akashindwa kuvumilia. "Mama, hiyo si haluwa."

"Ingekuwa haluwa, mwanangu, ningeshiba tangu duka la kwanza."

Vya kung'aa alivikataa vyote. Vya saruji alivikataa kwa uzito. Vilikuwepo vya rangi ya maziwa ambavyo Mbaraka alivipenda sana, akavishika muda mrefu, navyo vikakataliwa. Siku ya nne, kwenye nyumba kuukuu iliyokuwa ikibomolewa, alikuta rundo la vigae vyekundu vya paa, vingi vimevunjika. Alilamba kimoja, ulimi ukashika. Akakaa chini pale pale juu ya rundo, akafumba macho. Wabomoaji walifurahi kuondolewa taka.

Kuba lilikaushwa kwa moto mdogo wa siku saba. Vigae vilipasuliwa vipande vya ukubwa wa kiganja ili vifuate mviringo, vikaachiwa nafasi ya kidole baina yao. Maji yalitoka kwenye bomba la maji ya kunywa, na Mbaraka alitakiwa aonje kila ndoo mbele ya mashahidi.

"Sema."

"Tamu, Bi Mwanalima."

"Sema kwa sauti, Kudhaa wasikie."

Juu ya mdomo wa tanuri aliacha mstari mmoja mtupu. Alhamisi, tarehe 14 Machi, alikuja na gunia. Aliviosha vile vigae kwa majivu na ndimu, akavifuta, akavibandika mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Alipofika cha nane, Nassor alimsihi abakishe hicho kimoja cha mwisho, kiwe cha kumbukumbu.

"Kimoja nitakifanyia nini, Nassor? Nishonee nguo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuujibu utani ule kwa miaka mitano, na Nassor hakucheka. Aligeuka akaendelea kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa. Kigae cha tisa kikabandikwa. Bi Mwanalima akalikung'uta gunia, akalikunja, akauliza kama yuko anayelihitaji.

Mikate ya kwanza hatukuila. Tuliipeleka nje ya uzio, nyumba saba, kwa wenyeji ambao kwa miaka minne wamekuwa wakiulalamikia moshi wetu kwa uongozi wa kambi. Bi Mwanalima alitangulia, anapumzika kila baada ya hatua ishirini. Katika nyumba ya kwanza mwenye nyumba aliupokea mkate, akauliza ni sadaka ya nini.

"Ya moshi," alimjibu. "Tutaendelea kuwasumbua."

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha juzi Jumatano, mchana. Tulisimama wote kumi na mmoja, tumelowa, tunalitazama kuba kama watu wanaotazama mgonjwa. Maji yaliteremka juu ya wekundu wa vigae na kwenda zake. Ndani mikate ilikuwa inaiva. Baada ya saa moja Mbaraka aliweka kiganja juu ya kuba, akakiacha hapo, akaitikia kwa kichwa kwamba liko sawa. Bi Mwanalima hakuja kutazama. Tulipompelekea habari tulimkuta amelala, na hatukumwamsha.

Kazi anamwachia Bi Zakiya, mwanafunzi wake wa kwanza hapa kambini, pamoja na kisu cha madonge na zamu ya Alhamisi ya kuosha vigae, ambayo Zakiya ameiomba mwenyewe. Kwingine mtu hustaafu akarudi kwao. Bi Mwanalima anastaafu na kurudi hema la tatu kutoka hapa, ambako upepo ukigeuka moshi utamfikia. Kwa hilo tunamwomba radhi mapema.

Ahsante, Bi Mwanalima, kwa miaka ishirini na mitano, pamoja na ile miezi kumi na minne. Tanuri umelitua, usilibebe tena. Tunakuombea kifua chepesi, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na kila asubuhi ya maisha yako mkate wa moto uliookwa na mwingine.