Mama Tusajigwe Anaziacha Sahani za Rangi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Tusajigwe Mwaijande, mkaguzi mkuu wa rangi, anastaafu kwa hiari baada ya kukitumikia kiwanda chetu kwa miaka ishirini na sita. Umri wa lazima bado haujamfikia. Sababu za kuutangulia zimejadiliwa sana kantini, mara nyingi kwa makosa, kwa hiyo idara ya mauzo imeona heri zielezwe hapa kama zilivyo.

Alitoka Tukuyu, akafikia kwa dada yake Sinza, kisha akaja Temeke kuomba kazi yoyote. Wakati huo kiwanda kilikuwa ghala moja, mapipa machache na matumaini makubwa: kuwauzia watengeneza vyakula wa Dar es Salaam rangi zinazotokana na mimea, ilhali kila mtu amezoea ile ya unga wa dukani, ambayo kijiko kimoja kinatosha kupaka ndoo nzima na ulimi wa kila mtoto mtaani. Alianza kwa kuchambua mbegu za mzingefuri, zile zinazotoa rangi ya chungwa. Viganja vyake vilikuwa vyekundu muda wote, na majirani wa Sinza walidhani amepakwa hina, wakawa wanauliza harusi ni ya nani.

Desturi ya sahani ni yake. Kila asubuhi, kabla pipa halijafungwa, tone la rangi mpya huwekwa kwenye sahani nyeupe kando ya tone la sampuli ya asili, na sahani huwekwa kwenye meza iliyo karibu na mlango wa uani, panapoingia mwanga mzuri. Mama huinama, hutazama, kisha husema ipite au irudi. Mashine ya kupimia rangi tunayo pia, ila muda mwingi imekuwa kwa fundi.

Rangi inayotuweka mjini ni nyekundu ya ubuyu. Inatokana na maua ya choya, yakiongezewa mzingefuri kidogo ili wekundu wake usiwe mkali. Mnunuzi wetu mkubwa ni Bi Anjelina wa Buguruni, ambaye ubuyu wake hauhitaji kutambulishwa kwa mwanafunzi yeyote wa wilaya hii.

Mwaka jana Mama alianza kulalamika kwamba sahani hazioshwi vizuri, zina manjano. Khalfani, mwendesha mitambo ambaye ndiye huziosha, alibadilisha sabuni. Akajaribu limau. Akajaribu jivu, kama alivyofundishwa na bibi yake. Mama bado aliona manjano. Nayo rangi ya ubuyu, ambayo kwa uzoefu alishaacha kuilinganisha na sampuli, akawa anairudisha: mzingefuri umezidi, punguzeni. Tukapunguza. Baada ya muda akataka ipunguzwe tena. Kila aliyesimama pale mezani alihisi kuna jambo, lakini nani angelisema? Mama ni mkubwa wetu, hata meneja humwamkia shikamoo.

Mwezi Februari mwaka huu uvumilivu wa Khalfani ulikwisha. Alinunua sahani mpya, akaiweka mezani ikiwa bado na stika ya dukani upande wa chini. Mama aliiinua kwenye mwanga, akasema hii nayo ina manjano.

"Mama," Khalfani alisema kwa sauti ya chini, "hiyo ndo kwanza imetoka dukani."

Aliigeuza, akaiona stika, akairudisha mezani taratibu.

"Basi si sahani," alisema. "Ni mie."

Kazi yake yote ilikuwa machoni, na hilo alilijua kuliko sisi. Baadaye alitueleza kwamba aliogopa kwa miezi mingi. Taa za magari zilikuwa zikimtawanyikia, na hospitali hakwenda kwa hofu ya kuambiwa kazi imekwisha. Lakini asubuhi ile hakusubiri kuitwa. Alipanda ofisini kwa meneja wetu, Bwana Edgar, akaomba rangi yote aliyoipitisha tangu mwaka jana ikaguliwe upya na macho ya watu wengine. Ikakaguliwa. Ilikuwa nyekundu kuliko sampuli, na kila mwezi ilizidi kidogo. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kwa hali aliyofikia kila kitu kilikuwa kikionekana kama kimenyunyiziwa bizari.

Bwana Edgar alishika kichwa. Mwandishi wa makala haya alitumwa Buguruni kumwomba radhi Bi Anjelina na kumpelekea rangi iliyorudishwa kwenye kipimo cha zamani. Kesho yake Bi Anjelina alipiga simu.

"Sasa hii ndo nini, kaka Elinaza? Ubuyu umepauka. Nileteeni ile ya juzijuzi, wateja wangu washaizoea."

Wanunuzi wengine walisema hivyohivyo. Leo tunauza nyekundu mbili, na ile inayotoka zaidi mafundi wanaiita Nyekundu ya Mama. Mwenyewe hajafurahi. Anasema ni yeye peke yake hapa mjini aliyepewa heshima kwa kutoona.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji Aprili, la pili Mei, na yote yamepona vizuri. Bwana Edgar alimsihi arudi amalizie miaka iliyobaki. Wiki iliyopita Mama alikuja kutoa jibu. Alipita kwanza mezani, akaitazama nyekundu yenye jina lake, akasema inatisha, asingeipitisha hata kwa kuombwa na askofu. Kisha akamgeukia Khalfani, ambaye amefanya naye kazi kila siku kwa miaka mingi, akamwangalia.

"Kumbe una mvi," alisema.

Khalfani alijibu kwamba anazo siku nyingi.

Jibu la Mama kwa meneja lilikuwa hapana. Alisema amevitazama vitu miaka yote hii akivitafutia kasoro, na sasa amerudishiwa macho, anataka kuvitazama tu. Tulihuzunika, tukanywa chai.

Ahsante kwa yote, Mama Tusajigwe. Maisha yaliyo mbele yako yawe mema, na uyaone vizuri.

Elinaza, Idara ya Mauzo