Shavu Langu Halikumtaja Henriette

Sogeeni karibu, Firmin na Émérence, nawe mdogo wangu Hilaire usisimame mlangoni kama mgeni, keti, kwa maana maneno haya nitayasema mara moja tu.

Jana mlimtoa Henriette katika nyumba hii. Mwanamke aliyewalea tangu mama yenu alipozikwa mlimtupia mafurushi yake barabarani, akaenda Shituru kwa dada yake kwa miguu, akipita vizuizi vya jandarme wenye bunduki, na homa iliponiachia nikaambiwa kwamba mimi ndiye niliyemhukumu. Kwa neno gani? Hilaire, ulisimama kando ya kitanda hiki, ukataja watu wa nyumba mmoja mmoja kama wazee wetu walivyofanya, ukingoja mwili wa mgonjwa uonyeshe anayemroga, na ulipomtaja Henriette shavu langu likaruka na jicho likafumba. Ukapiga makofi: “Munaona! Yaya, kaka yangu mukubwa, amejibu! Kikulacho kiko mu nguo yako!” Nanyi wawili, mliosoma kwa masista, mkaenda kufunga mafurushi yake.

Sikilizeni basi. Miaka mitatu iliyopita, kabla Katanga haijajitenga na Kongo na kupandisha bendera hii mpya, nilikuwa na uvimbe nyuma ya sikio. Daktari mzungu wa kampuni alisema si ule unaokula mwili, wala hautaniua, lakini akanilaza chini ya mashine ya miale siku kumi na mbili. Aliniuliza namba yangu ya kazi. Hakuniambia kwamba miale inaweza kuumiza mshipa wa uso. Shavu lilipoanza kuruka nikarudi kwake, akacheka, akasema, “Ça va passer, Urbain,” eti litapita. Halikupita. Uhuru ulipofika alipanda ndege kwenda kwao, na uso wangu ameniachia mimi.

Tangu siku hiyo nimekula upande mmoja wa mdomo. Kanisani wanawake walidhani nawakonyeza. Pale kizuizini jandarme alinipiga kofi: “Ee mubaba, unanikonyeza miye? Weye iko mutu wa Lumumba?” Henriette ndiye aliyepiga magoti mbele ya bunduki yake akaeleza ugonjwa wangu, na ndiye aliyenikanda shavu kwa kitambaa cha moto kila asubuhi. Mchawi gani huyo?

Hilaire, anza tena. Taja majina, na lako litaje. Usinung'unike, taja, nanyi tazameni shavu hili! Firmin... limetulia. Émérence... limetulia. Hilaire... Mmeona? Limeruka. Mbona hampigi makofi? Tukutupie nawe mafurushi? Ngojeni. Sasa hakuna aliyetaja mtu, na limeruka tena. Na tena. Linaruka kwa sababu limeunguzwa, halina ulimi, na kinachoniua ni kifua hiki kilichokula moshi wa kiwanda miaka ishirini na sita.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliwachelea, mkamwita “bibi ya baba”, mke wa baba tu, miaka yote kama mpangaji. Leo sichelei tena. Shamba la mihogo la njia ya Kakontwe ni la Henriette, pamoja na cherehani na vyungu. Nyumba ni ya kampuni, watawatoa wote. Koti langu ni la Firmin, saa ni ya Émérence. Hilaire, bunduki ya baba yetu uliyoninunia tangu mazishi yake, ichukue, nimechoka na kinyongo hicho. Katika kilio changu Henriette ataketi kichwani pangu, na atakayemgusa asinililie.

Émérence, nipe maji. Kidogo... inatosha.

Mungu awape nyumba zenye watu wasemao ukweli mapema. Nawabariki, hata wewe Hilaire, inama... hapo.

Firmin, chukua baiskeli. Jandarme akikuuliza uendako, sema unamfuata mama yako. Sema hivyo: “mama.” Naye umwombe radhi hapo hapo mlangoni, dada yake akisikia... Tairi la nyuma linavuja, lipige pampu kwanza. Nenda, mwanangu. Usikae kula huko... Ninamngoja.