Kava la Njano la Korosho Jazz

Wasikilizaji wapendwa, mlioko shambani na mlioko madukani, watu wa Nachingwea na watu wa Ruangwa, habari za saa hizi. Mimi ni Zuhra, mnanijua. Leo tunamkumbuka Fortunatus Chinguile, yule mliyezoea kumwita Mzee Fotu. Alikuwa mtunza nyimbo wa kituo hiki. Amefariki akiwa na miaka sitini na mitatu. Leo ni siku ya arobaini tangu tumzike kule kwao Ruponda.

Niseme mapema, ili asiyependa abadilishe stesheni. Leo sina sauti ya kubembeleza. Kuna kosa lilifanyika humu ndani, kwenye meza hii hii ninayoegemea, na aliyelifanya ni mimi. Meneja wangu amenishauri nisiliseme hewani. Nimemsikia vizuri tu. Ninalisema.

Mzee Fotu alizaliwa Ruponda, kwa wazazi wakulima. Korosho, mihogo, ufuta kidogo, na misa kila Jumapili. Akiwa kijana alipiga ngoma kwenye bendi ya watu wanne iliyoitwa Korosho Jazz. Msiotimiza miaka arobaini hamuijui. Ilitoa kaseti moja tu. Moja! Mpiga gitaa wao alikuwa Yasini, kijana wa jirani, mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto. Jembe lilimrukia utotoni.

Ile kaseti ilikuwa na kava la njano. Walipiga picha studio hapa mjini, na nyuma yao pamefungwa kitambaa cha njano. Mashati waliazima kwa fundi cherehani mmoja, wakayarudisha jioni ile ile. Shati la Fotu lilikosa kifungo cha tumboni, basi akapishanisha vijiti vya ngoma mbele ya tumbo ili lisionekane. Mke wake, Mama Teodosia, alinisimulia hilo akicheka, na machozi yanamtoka. Aliniambia, "Mimi nilimpenda kwa vile vijiti, sikujua anaficha kitumbo."

Mwaka uliofuata Yasini aliugua siku nne akafa. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mama yake ni Bibi Sabaha, yupo mpaka leo pale Ruponda. Picha nyingine ya Yasini haipo. Hakuwahi kupiga nyingine. Uso wa Yasini ulikuwa kwenye kava la njano la Korosho Jazz, basi. Shikeni hapo.

Miaka kumi na miwili iliyopita Mzee Fotu alikuja hapa kituoni na gunia la kaseti mgongoni. Kwaya za parokia, bendi, ngoma za jando, kaswida. Akasema anataka kuziingiza zote kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote. Nilimwambia, "Mzee, siku hizi watu wanataka nyimbo za Dar." Akanijibu, "Na wa Dar nao wana kwao, mwanangu." Akatafuta kona, akaweka kiti.

Kuingiza nyimbo peke yake hakukumtosha. Alitaka na makava. Kila kaseti na picha yake, ili wimbo ukipigwa, sura za walioimba zitokee kwenye kioo. Akapita vijijini kuazima. Aliazima, akaskani, akarudisha. Hakubaki na karatasi ya mtu hata moja. Makava mia nne na kumi na mawili, wasikilizaji wapendwa. Mia nne na kumi na mawili, na yote akayarudisha yakiwa yamefungwa kwenye nailoni, na asante juu.

Sasa ndipo ilipoanza ngoma yetu mimi na yeye. Mzee Fotu alikuwa anaskani picha kubwa. Kubwa haswa. Nukta elfu tatu upana, elfu tatu urefu. Na ile picha ilikuwa inawekwa ndani ya kila wimbo. Kava moja, nyimbo kumi, picha kumi zile zile. Kompyuta ikavimba. Vijana wakiweka nyimbo hizo kwenye memori kadi, simu za kitochi zinaganda. Redio za kwenye gari zinakwama hapo hapo. Nikimwuliza picha kubwa za nini, anasema, "Kuna watu humu hawana picha nyingine." Nikimwuliza tena, anasema hivyo hivyo.

Na niwaambieni ukweli, suluhisho alikuwa nalo. Alikuwa ameshaanza. Ndani ya nyimbo anaweka picha ndogo, nyepesi, ya kuonekana kwenye simu tu. Ile kubwa anaihifadhi mara moja, kwenye folda yake, aliyoiita Picha Kubwa. Alinieleza kama mtu anavyoeleza kupanga magunia ghalani: "Ndogo zitembee na nyimbo. Kubwa zibaki nyumbani." Alikuwa anakwenda albamu kwa albamu, kwa mkono, na miwani yake ile iliyofungwa uzi. Alikuwa amemaliza tisini.

Na Bibi Sabaha alikuwa anakuja. Kila mwezi mara moja, akishuka mjini kliniki ya macho, anapita hapa. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Mzee Fotu anamkalisha kwenye kiti chake, anafungua kava la njano, anakuza. Anakuza, anakuza, mpaka uso wa Yasini unajaa kioo chote. Kovu la nyusi linakuwa refu kama kidole. Bibi anasogeza pua mpaka karibu iguse kioo. Anaongea na mwanawe Kimwera pale, taratibu. Akimaliza anafuta kioo kwa khanga, anaaga. Mimi nilikuwa nanung'unika kwamba wanachelewesha matangazo. Ndiyo, nilinung'unika!

Mwaka jana, mwezi wa sita, Mzee Fotu alilazwa wiki mbili. Sukari ilimpanda, na alikuwa na kidonda mguuni. Wiki ya kwanza timu yetu ya mpira ilikuwa inacheza Ruangwa, nusu ya wilaya imetega sikio, mimi narekodi mahojiano ya mashabiki. Katikati, kompyuta ikaniandikia kwamba haina nafasi. Mahojiano yakakatika. Niliona moto. Nikasema, hizi picha za Mzee Fotu leo tutaelewana nazo.

Nikatafuta mtandaoni programu ya kupunguza picha. Nikaiambia itafute kila picha iliyomo kwenye mkusanyo, kila moja, iifanye nukta mia mbili kwa mia mbili. Sikutenga folda ya Picha Kubwa. Sikukumbuka hata kuifikiria. Programu ikaniuliza kama iandike juu ya zile za zamani, na kama nina uhakika. Iliuliza kwa Kiingereza, lakini nilielewa, nisijisingizie. Nikabonyeza ndiyo. Dakika kumi na nane, kazi imekwisha. Nikafurahi nikapiga makofi. Kisha, kwa kujiona mjuaji, nikachomeka ile diski ya nje ya akiba, nikaisawazisha nayo ifanane na kompyuta.

Ikafanana.

Aliporudi, nilimpokea kwa mbwembwe. "Mzee, ile kazi yako nimekumalizia!" Akakaa. Akafungua Picha Kubwa, akachagua la njano. Akakuza. Badala ya nyuso yakaja mavigae, mavigae ya rangi, kama sakafu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akakuza tena. Akaniuliza, "Diski ya nje je?" Nikamwambia nimeshaisawazisha. Akasema, "Haya." Hilo tu. Bora angenitukana, wasikilizaji wapendwa. Ningejua pa kushika.

Siku sita baadaye Bibi Sabaha akaja. Akaketi kwenye kiti. Mzee Fotu alikuwa amekwenda msalani, mimi niko peke yangu naye. Bibi akaniomba nimfungulie mwanawe. Nikamfungulia. Akasogeza pua. Akarudi nyuma, akasogea tena. Akaniuliza, "Mbona simwoni? Macho yangu yamekwisha, eti?"

Na mimi Zuhra, mwenye sauti mnayoisifia, nikamjibu, "Pole bibi. Ndiyo macho hayo."

Nilimwambia hivyo. Mama wa mtu, mzee wa miaka themanini na kitu, nikamwachia alaumu macho yake. Mzee Fotu alikuwa amefika mlangoni, amesikia. Akaja akachuchumaa mbele ya bibi, na kile kidonda chake. Akasema, "Si macho, Mama. Picha imeharibika hapa kwetu. Nitakutafutia karatasi yenyewe." Hakunitaja. Hakunitaja siku ile, wala kwa mkewe, wala kwa meneja.

Akaanza upya. Alipoazima mara ya kwanza, watu walikuwa nayo makava. Mara ya pili karatasi nyingi hazipo. Mchwa wamekula, mvua imelowesha, wajukuu wamechezea. Watu walimwambia, "Lakini Mzee si unazo kwenye kompyuta? Ndiyo maana sisi hatukuzitunza tena." Sikieni hilo. Walizitupa kwa sababu walituamini. Katika mia nne na kumi na mawili alipata thelathini na saba.

La njano alilitafuta kuliko yote. Alikwenda Nambambo kwa Mzee Bashiri, aliyekuwa kiongozi wa bendi. Sanduku la Bashiri lilinyeshewa, kava limekuwa uji. Bashiri akamwelekeza Namungo, kuna mchimba dhahabu anayo kaseti hiyo. Akaenda Namungo, yule mtu amehama shimo. Akaenda tena, mwezi wa pili mwaka huu, kwa bodaboda, mvua inapiga. Mama Teodosia alimzuia. "Nilimwambia, baba Koleta, mguu huo! Akasema kuna mama anasubiri kumwona mwanawe."

Alimpata mchimba dhahabu. Alipata kaseti. Ilikuwa tupu, haina kava, ipo kwenye soksi. Alirudi nayo mfukoni, mguu umelowa matope kutwa nzima. Kidonda kikachacha. Wiki tatu baadaye hatukuwa naye. Mtaniambia ni sukari, hata daktari alisema ni sukari. Sawa. Mimi najua alikuwa anakwenda wapi na kwa kosa la nani.

Sasa msiba. Familia inataka bango la picha ya marehemu, kama ilivyo kawaida yetu. Ipo ya kitambulisho. Mama Teodosia aliikataa. Alisema, "Huyo wa kitambulisho ni mgonjwa. Mimi niliolewa na yule wa kwenye kaseti." Mnaona tunakoelekea? Binti yao, Koleta, akaja hapa na flashi. Nikamnakilia nilichonacho, nukta mia mbili kwa mia mbili, watu wanne ndani yake. Ukimkata Fotu peke yake, anabaki kiasi cha punje ya ufuta. Nilimpa huku nimeinamisha kichwa. Akaipeleka Ruangwa kwa Jastin, fundi wa mabango. Jastin akamwambia, "Dada, hii hata ukilia haikui." Koleta akalia. Haikukua.

Waliichapa hivyo hivyo, muda ulikuwa hauruhusu. Bango la mita mbili likasimamishwa mlangoni pa nyumba, Ruponda. Mavigae ya njano, mavigae ya kahawia. Watu wanapita, wanainamisha vichwa kuheshimu mavigae. Mtu aliyekusanya sura za wilaya mbili, yeye mwenyewe alizikwa bila sura.

Bibi Sabaha alikuja na mkongojo, ameshikwa mkono na mjukuu wake, Amna. Akasimama mbele ya bango. Akalipapasa kwa kiganja, juu mpaka chini. Kisha akauliza Zuhra wa redio yuko wapi. Nikasogea. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Na hapa, ni macho yangu tena?"

Nikasema, "Hapana, Bibi. Ni mimi."

Akatikisa kichwa, akaenda kukaa na wanawake wenzake. Mpaka leo hajanisemesha.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Mama Teodosia, Koleta, na ukoo wote wa Chinguile, Ruponda. Tunampa pole Bibi Sabaha, aliyefiwa mara mbili na mtoto mmoja. Mungu ampumzishe Mzee Fotu mahali pema. Na mimi msinionee huruma, sikuja hapa kwa hilo.

Nyanyukeni sasa hivi. Angalieni uvunguni, kwenye makoba, nyuma ya kabati. Makava ya kaseti za kwetu mliyonayo, yatunzeni. Msiseme yapo redioni. Na kama yuko mwenye kava la njano la Korosho Jazz, vijana wanne, wa kushoto ana gitaa na kovu, wa kulia kashika vijiti mbele ya tumbo, nakuomba, kanyaga uje. Usilipige picha kwa simu ukanitumia. Njoo na karatasi yenyewe. Ukishindwa, nitakuja mwenyewe hapo ulipo, iwe Nambambo, iwe shimoni Namungo, iwe mvua. Bibi Sabaha ana miaka themanini na kitu, na kliniki wamesema jicho la kulia limebakiza miezi.

Kaseti ile ya kwenye soksi tunayo, na inaimba; nimeiingiza kwenye kompyuta pamoja na ile picha ndogo iliyobaki. Naiweka sasa. Gitaa mnalolisikia ni la Yasini, ngoma ni za Fotu. Wimbo umeanza, na kava limetokea hapa mbele yangu kwenye kona ya kioo, la njano, dogo kama ukucha. Wasikilizaji wapendwa, nimesogeza pua kuwatafuta wale wanne, mpaka imegusa kioo. Siwaoni.