Panya Wasiokimbia

Kijiwe chenyewe ni benchi moja bovu mbele ya banda la Spoku, fundi baiskeli. Mwenye birika la kahawa ni Binamu, ambaye hana undugu na mtu yeyote pale. Jioni ile Kizimba alifika, akakaa pembeni, kahawa ikampoa mkononi. Yeye anaosha vizimba vya panya weupe kwenye maabara ya utafiti. Kuna jambo nyumbani kwake, na likijulikana kazini, kibarua kimeota nyasi.

— Litoe, ndugu yangu, — Binamu akamwambia. — Ukilimeza litakukaba.

— Niliiba panya. Jike. Alikuwa auawe pamoja na wenzake waliozidi mahitaji. Nikamwonea huruma, nikampelekea binti yangu kwenye boksi la viatu.

— Huo nao wizi? — Spoku akacheka. — Si chakula cha paka tu hicho?

— Sikia kwanza. Wale wamechezewa moyo kabla hawajazaliwa. Kuna protini zinavuta mafuta toka kwenye damu, zinayaingiza ndani ya moyo. Hata wewe unazo. Sasa wao wamezidishiwa. Moyo unavuta, unavuta tu, mpaka unavimba.

— Basi wanene kama mito.

— Wembamba. Hapo ndipo ninapoogopa. Ukimshika, mifupa mitupu, kumbe mafuta yamejaa moyoni. Wakishachoka hawakimbii. Wanakaa, wanahema, wanakutazama.

Spoku akaacha kucheka.

— Huyo wako yuko wapi?

— Alitoboa boksi, akaingia ukutani. Zamani sana. Sasa hawa panya weusi wa siku zote wa nyumbani kwangu, ukiwasha taa hawatimki.

— Kawazalia, — Binamu akasema taratibu.

— Au wanaambukizana, — Spoku akadakia. — Leo panya, kesho paka, keshokutwa sisi. Mimi siku hizi nikipanda kilima nahema.

— Wewe ni sigara hizo.

— Haya, bisha. Mafuta yanaitana, Binamu. Nayaacha kwenye mnyororo huu, asubuhi nayakuta kwenye ule.

Hakucheka mtu.

— Haiambukizi, — Kizimba akasema, ila sauti yake haikuwa ya mtu mwenye uhakika.

— Si ukawaambie wakubwa wako? — Binamu akamwuliza.

— Halafu wanangu wale nini?

Akatokea mke wa Kizimba, fagio mkononi, hata salamu hana.

— Baba watoto, nimempiga mmoja kwa fagio. Hajasogea. Nikaweka sikio ukutani, kule chumba cha watoto. Wanahema pamoja, wote, kama kuna mtu mmoja mkubwa amelala humo ndani.

Akaliegemeza fagio kwenye benchi.

— Watoto wameanza kusinzia, — akasema. — Nikawalaze wapi?

Binamu akachungulia ndani ya birika. Spoku akazungusha gurudumu lisilo na tairi. Kizimba akaweka kikombe chini, akainuka, na hakuelekea nyumbani. Alishika njia ya maabara, kofia mkononi.