Kifundo cha Mguu cha Nthenya

Risala ya akina mama wa Mwethya wa Kyeni, Kanyangi, Julai 1983

Mgeni rasmi, Daktari Hassan Tumu, mpasuaji wa mifupa, chifu wetu, pasta, wageni wote. Asante kwa kuja kutufungulia tangi la maji. Wengine wetu hatukusimama ulipoingia. Usituone tuna dharau. Magoti tunayo, ila vifundo vya miguu vimekataa.

HISTORIA YETU

Tulianza mwaka wa 1961 tukiwa wanawake thelathini na wawili. Wewe ni mtoto wa Kitui mjini, kwa hiyo unajua mwethya: leo tunachimba kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa miaka ishirini tumekanyaga beleshi kwa mguu wa kulia, tukichimba matuta ili mvua isichukue udongo. Miteremko yote uliyopita ukija ni kazi ya miguu hii. Leo tisa kati yetu wana ugonjwa wa viungo, na umewashika hapo hapo kwenye kifundo. Asubuhi wengine huenda chooni kwa makalio. Tunasema wazi kwa sababu wewe ni daktari.

MAFANIKIO

Mwaka wa 1981 hospitali yenu ilimchukua mwenzetu Nthenya, ikatoa kifundo kilichoharibika na kumwekea cha chuma na plastiki. Siku aliporudi alishuka kutoka barabarani bila fimbo. Mwenzetu Mama Kalunde alilia mbele ya watu, na yeye si mtu wa kulia. Wale wanane waliobaki wakaandikisha majina wiki ile ile. Tungependa sana risala hii iishie hapa.

KOSA LETU

Chifu alitushauri tuandike "matatizo" tu. Tulikataa, kwa sababu hili ni kosa na lina wenyewe.

Kwetu, mwenzetu akitoka kuugua, hupewa mstari wa mbele siku ya kwanza ya kazi. Yeye huanzisha wimbo na kukanyaga beleshi la kwanza, wengine tukimfuata. Ni heshima kubwa. Nthenya alituambia, "Daktari alisema nitembee tu. Nisichimbe, nisibebe mzigo." Aliyemjibu ni mwenyekiti, mimi Ndila ninayesoma hapa: "Kwani wewe hujapona? Mfupa ndio unachoka. Wewe sasa uko na chuma!" Tulicheka wote. Yeye pia alicheka, akashika beleshi. Alilishika msimu mzima, kwa kuwa hakutaka tumwone mvivu.

Kufika Desemba ya mwaka jana chuma kilikuwa kimelegea ndani ya mfupa, na usaha umeanza.

MATATIZO

Mwezi wa Machi mwaka huu barua ilitoka ofisini kwako, Mwalimu Muli akatusomea. Ilisema Nthenya hawezi kuwekewa kifundo kingine. Mifupa itaunganishwa, mguu ukae mgumu kama ubao, na usaha ukizidi mguu utakatwa. Ilisema pia kwamba yale majina manane yamefutwa, kwa sababu wagonjwa wa huku hawafuati maagizo.

Tangu siku hiyo Nthenya haji kanisani. Anaamini ni yeye aliyewanyima wenzake miguu. Kaluki, ambaye ni mmoja wa wale wanane, alijikokota mpaka kwake kumwambia si hivyo. Aliita hadi jua likapanda. Mlango haukufunguliwa, naye akajikokota kurudi.

MAOMBI

Tunaomba majina yarudishwe. Tumekubaliana sote kwamba atakayetibiwa hatagusa beleshi tena maisha yake, na shamba lake tutalilima sisi. Ila tulikutazama ulipokuwa ukishuka garini, daktari. Tunamjua mtu aliyekuja na jibu lake tayari. Tumechoka, na hatukutegemea mengi.

Basi kama jibu ni hapana, tunakuomba jambo moja lisilohitaji dawa wala kisu. Nyumba ya Nthenya ni ile ya nyuma ya kanisa, yenye mlango wa buluu. Kabla hujaondoka, pita pale. Mwambie kwa Kikamba kwamba yeye alitaka kukutii, na sisi ndio tuliompa beleshi. Tumemwambia mara nyingi, lakini haamini maneno yetu. Wewe ulimtibu. Huenda wewe akakufungulia.

Mungu akufikishe salama nyumbani kwako, na akulindie mikono yako.

Ni sisi,
Akina mama wa Mwethya wa Kyeni, Kanyangi