Bi Mwanamkasi na Mlango wa Jumatano

Leo Jumatano, tarehe 31 Desemba 1958, Bi Mwanamkasi binti Shekhe anamaliza kazi yake ya kushika mlango katika Sinema ya Mwangaza, hapa Pangani. Kazi hii ameifanya miaka ishirini na minne. Mabenchi yamebadilishwa, mashine imebadilishwa, hata bati la paa liliondoka na upepo tukapiga jingine. Yeye yuko pale pale.

Wenzangu wamenitaka mimi niandike wasifu huu kwa kuwa ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu. Shule nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Karatasi itasomwa barazani mbele ya sinema, wanaume na wanawake wakiwapo, na nimetaka iwe hivyo kwa sababu mtakayoisikia.

Alianza mwaka 1934, baada ya kufiwa na mumewe. Sinema wakati ule ilikuwa ya wanaume watupu. Alimwendea Bwana Kasamali, mwenye sinema, akamwambia kuwa nusu ya mji imekaa majumbani ikisimuliwa picha na waume, na waume wenyewe hawajui kusimulia. Bwana Kasamali alicheka, akampa Jumatano alasiri, akamwambia ajaze ukumbi kama anaweza. Akaujaza.

Alianza kwa kuweka sheria. Wanawake wakishaingia, mabuibui yanatundikwa misumarini, na mtu anakaa na kanga zake na dhahabu zake kama yuko kwao. Mwanamume haruhusiwi hata kukohoa uani. Mmoja tu ndiye asiyeepukika, naye ni fundi wa mashine, yaani mimi, Uweso. Mimi napanda kwa ngazi ya nje hadi chumba cha juu kabla mwanamke yeyote hajafika. Bi Mwanamkasi anakuja chini, ananiuliza kama niko peke yangu, nikishamjibu anaiondoa ngazi. Anairudisha nishuke mwanamke wa mwisho akishafika kwao.

Siku moja palikuwa na arusi mtaani, akafunga ukumbi akaenda zake, akanisahau. Adhana ya magharibi ilinikuta nimetoa kichwa dirishani kama njiwa, na watu waliotoka msikitini wakaniuliza kama nimeshataga.

Jingine la kuchekesha ni kwamba Bi Mwanamkasi hajapata kuitazama picha hata moja hadi mwisho. Kiti chake kinaelekea mlangoni, mgongo kwenye picha. Picha anazijua kwa masikio, na kwa vilio vya wenziwe. Masika moja barabara ya Kigombe ilikatika, basi la Tanga likakwama na nusu ya filamu. Ukumbi umejaa, msichana wa kwenye picha ameachwa mtoni, na mimi sina cha kuonyesha. Bi Mwanamkasi akasimama akamalizia kisa kwa mdomo. Wiki ya pili filamu ilipofika, wanawake walisema ya Bi Mwanamkasi ilikuwa bora, ile ya msichana kuolewa na mvuvi, na mkwe aliyemwacha mtoni akala jeuri yake.

Sasa nifike mwaka 1953. Hapo ningeweza kupita haraka, kama watu wote wanavyopita wakiwa mbele yake, kisha wakisharudi majumbani wanarudia yale yale.

Nilikuwa na rafiki yangu, leo yuko Mombasa. Jina lake silitaji, maana kosa la mlango ni langu. Alikuwa ameposa, mahari imekubaliwa, naye hajapata kumwona mchumba tangu walipokuwa watoto. Alinishika siku nyingi nimpandishe chumba cha mashine Jumatano, amwone mara moja tu roho itulie. Nikaona ni jambo dogo la vijana, nami si kijana. Nilimpandisha asubuhi, nikamficha nyuma ya makasha ya filamu.

Alasiri Bi Mwanamkasi alikuja chini ya ngazi.

“Uweso, uko peke yako?”

“Niko peke yangu, wallahi.”

Akaondoa ngazi.

Rafiki yangu alichungulia, akamwona mchumba. Baada ya siku chache akavunja posa. Wazee walipomuuliza sababu, alisema hawezi kuoa mwanamke aliyeungua mkono mzima mpaka begani. Mchumba huyo ni Asmahani. Amenipa ruhusa nimtaje. Kasema jina lake limesemwa sana na wasio na ruhusa. Mkono wake uliungua kwa mafuta ya maandazi akiwa mdogo, na nje ya kwao hapakuwa mahali alipouacha wazi ila kwenye mabenchi yetu. Wanawake hawakuhitaji mwalimu wa hesabu. Walijua siku ile ile kwamba jicho la mwanamume limeingia Jumatano.

Mimi nilikuwa nimeapa, kwa hiyo nikaaminiwa. Lawama ikamwangukia mwenye mlango. Walisema alisinzia. Walisema alipewa bakshishi akaingiza mwanamume kwenye buibui. Wakamwita Bi Mlango Wazi, na jina hilo likaimbwa arusini, yeye mwenyewe amekaa anakula pilau. Alisema mlango ni wake, kilichopita ni juu yake.

Jumatano ukumbi ukawa mtupu. Kisha wanaume nao wakapungua, maana mke aliyenyimwa picha hamruhusu mumewe kwa moyo mweupe. Bwana Kasamali akatuita, akatuambia ukumbi utakuwa ghala la mbata, zile nazi kavu. Mimi niliinama. Bi Mwanamkasi akamwomba angoje mpaka Idi ipite, akatoka kwa miguu.

Alipiga hodi mji mzima. Kuna nyumba alizofunguliwa akapewa maji, na kuna nyumba alizojibiwa kutoka ndani kwamba hawanunui kitu. Akavuka mto hadi Bweni. Akaenda kwenye kambi za mashamba ya mkonge, ambako hatukupata kumwalika mtu, akazungumza na wake wa vibarua, Wakristo waliotoka milimani. Huko ndiko alikompata Mama Ruthi, aliyemwuliza kama kwenye sinema wanaruhusu kunyonyesha. Jumatano ya kwanza baada ya Idi walikuja wao tu, na watoto mgongoni, wakacheka mpaka nikashindwa kuisikia mashine yangu.

Wanawake wa mjini walivisikia vile vicheko wakiwa majumbani. Wiki ya pili walikuja wakasimama ng’ambo ya njia, hawaingii, hawaondoki. Akatokea Asmahani. Alipita katikati yao, akavua buibui pale pale mlangoni kwa Bi Mwanamkasi, akaingia mkono wazi. Hapo wakamfuata. Sinema ikapona, mbata ikatafutiwa pengine.

Lakini jina la Bi Mlango Wazi halikufa. Nimelisikia hata mwaka huu, kisimani, kutoka kwa wasichana wadogo ambao mwaka ule walikuwa wanatambaa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Asmahani na mume aliyempata baadaye, nikasema ukweli. Kisha nikaenda kwa Bi Mwanamkasi. Nilimkuta jikoni anakuna nazi. Nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alimaliza kifuu kwanza.

“Mimi nilisemwa barazani,” akasema. “Wewe unaniomba radhi jikoni.”

Ndiyo maana ninasema barazani. Enyi watu wa Pangani, na Bweni, na wa kambini, Bi Mwanamkasi hakusinzia. Hakupokea cha mtu. Aliuliza swali lake kama kawaida, na mimi niliapa uongo. Aliyefungua ni mimi. Mwenye wimbo wake na aubadilishe, jina langu lina silabi za kutosha. Bwana Kasamali nimeshamwambia, atakavyoamua juu ya kazi yangu nitaridhika.

Kuna jambo jingine nimelifanya bila kungoja uamuzi. Tangu siku ile niliyokwenda kwao nimekuwa nikimfundisha Asmahani mashine, mumewe akiwa pamoja nasi. Anajua kutia filamu, kuunganisha ikikatika, na kuitukana mashine ikigoma, ambayo ndiyo nusu ya ufundi. Mlango ataushika Mama Ruthi. Wakati karatasi hii inasomwa Asmahani yuko juu, na ngazi iko mahali pake, haina haja ya kuondolewa tena. Mimi alasiri hii nitakaa ng’ambo ya njia pamoja na wanaume wenzangu.

Bi Mwanamkasi, tunakushukuru kwa stara uliyowapa mama zetu, dada zetu na wake zetu, na kwa ukumbi huu ambao bila miguu yako ungekuwa unanuka mbata. Mungu akupe afya, na kikombe cha kahawa kisichokatizwa na hodi. Benchi la mbele tumekuwekea mto. Leo geuka, utazame picha hadi mwisho.

Na ukitaka, kabla ya taa kuzimwa, uliza kama kawaida yako nani yuko juu. Utajibiwa kwa sauti ya mwanamke.

Uweso Mwinyijuma
Fundi wa mashine, Sinema ya Mwangaza