Juliana Kalinga, Aliyepiga Gitaa la Umeme Huku Akiogopa

Ndugu, majirani na marafiki mliopanda mpaka hapa Igowole kumsindikiza Juliana, familia imeniomba mimi, kaka yake Bartholomeo, nisome habari za maisha yake. Wazee wameniomba pia nisilikwepe jambo la gitaa. Tangu msiba uanze watu wananong'ona, na watoto wake wanasikia. Basi nitalisema lote.

Marehemu Juliana alizaliwa hapa Igowole, Mufindi, siku ya Jumanne tarehe 14 Mei 1929, mtoto wa pili wa mzee Ambrosi Kalinga na mama Tekla. Alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa kuvuka mto kwenye gogo. Lakini alivuka. Alikuwa akivuka huku analia, na mama alizoea kusema, "Huyu atafika, ila tutamsikia njia nzima."

Alisoma shule ya misheni tangu mwaka 1938 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1942. Katikati ya masomo hayo, mwaka 1940, aliugua koo, kisha ikaja homa ya viungo. Magoti yalivimba hata baba akawa anambeba mgongoni kumpeleka kanisani. Akapona, au ndivyo tulivyodhani. Masista walimfundisha kushona, na mwaka 1949 alinifuata Mbeya, akaweka cherehani yake barazani karibu na soko. Wanawake wengi wa Mbeya waliolewa wakiwa na magauni aliyoshona yeye.

Yeye mwenyewe alifunga ndoa takatifu tarehe 22 Septemba 1951 na ndugu Anania Mwasomola, dereva wa lori katika njia ya Mbeya na Iringa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Apolonia mwaka 1953 na Liberatus mwaka 1957.

Jirani yake pale barazani alikuwa fundi wa redio, ndugu Zubery Othmani, ambaye yuko nasi hapa leo. Mwaka 1954 Zubery alirudi kutoka Ndola na gitaa la umeme, pamoja na santuri za watu weusi wa Amerika wanaopiga bluzi. Siku alipoweka santuri ya kwanza, marehemu alisimamisha cherehani.

"Fundi, huyo analia au anacheka?"

"Vyote viwili, dada. Ndiyo bluzi yenyewe."

"Naweza kujifunza?"

Zubery alicheka, kisha akaona kuwa mwenzake hacheki. Akamwambia mguu wa kushika mwendo anao tayari kwa sababu ya cherehani, kilichobaki ni mikono. Alimwanzisha kwenye ridhimu: kodi tatu tu, yaani mafungu matatu ya sauti za nyuzi, zinazozunguka na kurudi zilikoanzia, na namna ya kuzima nyuzi kwa ubavu wa kiganja ili mlio uwe mfupi, kama mtu anayetembea bila haraka. Anania aliogopa maneno ya watu, mke wake kushika gitaa mchana barazani. Akaja, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho. "Piga," alisema. "Ila mvua ikinyesha na mimi niko safarini, uache."

Amplifaya, chombo cha kukuza sauti ya gitaa, Zubery aliitengeneza kwa redio kuukuu. Mwezi Machi 1955, siku ya mvua, alikuwa ameshika nyuzi akaegemea nondo za dirisha. Umeme ukamkamata. Hakupiga kelele, mdomo ulikuwa wazi na sauti haitoki, na vidole vilikuwa vimejifunga kwenye shingo ya gitaa. Marehemu aliona hayo kwa macho yake. Alishika kigoda cha mbao, akaipiga waya ya amplifaya mpaka ikachomoka ukutani. Zubery alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto viliungua, vikakauka vimepinda. Kuanzia siku hiyo hakuweza tena kupiga.

Marehemu alikaa karibu mwaka mzima bila kulisogelea gitaa hilo. Aliniambia kuwa akifumba macho anauona ule mdomo. Hata taa ya nyumbani alimwomba Anania aiwashe yeye. Zubery hakumlazimisha. Alitengeneza kisanduku cha kuzuia umeme usifike kwenye nyuzi, akakijaribu mbele yake mara nyingi, kisha siku moja akasema, "Mkono wangu umekwisha, dada. Wewe usipopiga, hizi nyimbo zinaishia kwangu. Nitakuimbia kwa mdomo, wewe uzitafute kwenye nyuzi."

"Nikikamatwa je?"

"Gusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Umeme ukiwepo, mkono utaruka wenyewe. Ukishika kwa kiganja, hauachii."

Ndivyo alivyorudi, na ndivyo alivyogusa nyuzi kila siku kabla ya kuanza, hata pale palipokuwa salama kabisa.

Mwaka 1956 Anania alihamishiwa Iringa, wakapanga Ipogolo, na Zubery akamwachia marehemu gitaa. Zubery alikuwa na vijana wake wa bendi, akawa anakuja nao kwa lori kupiga dansi mjini. Marehemu alikaa nyuma yao akipiga ridhimu. Solo alijifunza kwa Zubery aliyekuwa akimwimbia: jinsi ya kuvuta uzi mpaka sauti ipande kama mtu anayeuliza swali, jinsi ya kunyamaza kabla ya kujibu. Nyumbani alipiga vizuri hata majirani walisimama dirishani. Ukumbini alikataa. "Kwenye ridhimu nimejificha," alisema. "Kwenye solo watu wote wananiona."

Baada ya kujifungua Liberatus mwaka 1957, pumzi zilianza kumwishia. Miguu ilivimba. Akipanda kutoka Ipogolo kwenda mjini alisimama njiani ameshika kifua. Daktari wa Iringa alimpima akamweleza kuwa moyo wake uliharibiwa na ile homa ya viungo ya utotoni, na sasa unaruka mapigo. Hapo watu wakaanza kusema umeme umemwingia moyoni. Nawaomba mnisikilize. Marehemu mwenyewe alirudi kwa daktari, akamwuliza mbele yangu, "Ni gitaa?" Daktari akajibu, "Si gitaa, mama. Ugonjwa huu ulikuwa ndani yako kabla hujaliona."

Jibu hilo halikumwondolea hofu. Alikuwa mtu wa kushika mwendo, na sasa mwendo wa kifua chake ulikuwa unampotea. Alikuwa akiacha kushona ghafla, akitulia kusikiliza, na sisi wote chumbani tunatulia naye, hakuna anayethubutu kuuliza kama umeendelea.

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 6 Juni 1959, kulikuwa na dansi Iringa. Marehemu alimwambia Zubery, "Leo solo ni yangu. Sijui kama nitapata siku nyingine." Mimi nilikuwepo. Alisogea mbele na gauni lake la bluu. Taa zikafifia mara moja kisha zikarudi, nikaona uso wake umebadilika. Akagusa nyuzi kwa mgongo wa mkono. Akaanza.

Hakupiga noti nyingi. Alipiga chache, akaacha nafasi, akapiga tena, na ule uzi ukalia juu mpaka wachezaji wakasimama. Alidhani wamechukia. Alimtazama Anania mlangoni kama mtu anayeomba ruhusa ya kukimbia. Mama mmoja muuza vitumbua akapaza sauti, "Usiache, mwanangu! Sema yote!" Akayasema yote. Watu walipokuwa bado wanapiga makofi, alitoka nyuma ya ukumbi akatapika.

Nikamwuliza, "Dada, uliogopa?"

"Mpaka sasa naogopa," alisema, akajifuta mdomo, akacheka.

Hakupiga tena ukumbini. Mwezi Agosti alilazwa hospitalini Iringa. Waganga na wauguzi walifanya yote waliyoweza, nasi tunawashukuru. Alipokea sakramenti ya wagonjwa. Jumatano tarehe 9 Septemba 1959, saa tisa alasiri, alimshika Anania mkono.

"Anania, naogopa."

Anania hakumwambia asiogope. Alisema, "Hata mimi, mama Apolonia. Niko hapa." Akapanda kitandani kando yake, viatu miguuni, akamkumbatia. Wakakaa hivyo mpaka pumzi zikakoma.

Wapo watakaotaka niseme alikufa shujaa asiye na hofu. Nisingekuwa nasema kweli, na Juliana hakupenda uongo. Aliogopa, na hakuachwa peke yake.

Marehemu ameacha mume, Anania Mwasomola; watoto, Apolonia na Liberatus; wazazi, mzee Ambrosi na mama Tekla; kaka yake, mimi Bartholomeo; na mwalimu wake, Zubery Othmani, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu na inaomba asinyooshewe kidole na mtu yeyote.

Ee Bwana, mpokee Juliana. Alale salama katika udongo wa kwao, na hofu isimfikie tena.